Siku Tata Alipodhaniwa Bubu

Kwetu Izigo, mtu akitaka kuposa na ana haraka, hamwiti Tata.

Tata ni baba yangu. Ndivyo tunavyowaita baba zetu kwa Kihaya, na sijawahi kumwita vinginevyo, hata baada ya chuo kikuu. Yeye ni mkulima wa kahawa na migomba, lakini watu wengi Muleba wanamjua kama msemaji. Ukoo ukienda kuposa, yeye ndiye anayesimama kwa niaba ya upande wa kijana. Wakwe wakishaketi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikishafika, hukohoa kidogo, kisha huanzia mbali. Huanza na mababu na njia waliyopita, huigusa mvua ya mwaka huo, huulizia migomba ya wenyeji, na kabla hajalifikia neno "binti" wapo ambao wamesinzia na kuamka. Mama yangu husema kwamba siku ya posa yake, Tata alijiposea mwenyewe, kwa sababu msemaji aliyeletwa alichoka kumngoja anyamaze.

Kwa hiyo ugonjwa ulipomshika, ulijua pa kushika.

Ilikuwa Jumapili, nami, binti yake, nilikuwa nimetoka Bukoba kuwasalimia. Tata alikuwa akifunga kifungo cha juu cha shati la kanisani, akalalamika kwamba shati limerudi kwa kufuliwa. Nilikwenda kumsaidia. Shati halikuwa na tatizo. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe mgumu kama pera bichi.

"Unauma?"

"Hauumi. Uache. Tutachelewa ibada."

Mimi si mtu wa kuacha. Nikifunga mlango wa chumba changu pale Bukoba, narudi kuujaribu. Nikifika barabarani, narudi tena. Nimesoma takwimu nikahitimu, na sasa nafanya kazi katika duka la steshenari karibu na soko, nachapa barua za watu za kuomba kazi. Kila barua ninayoichapa naiona ni ya mtu anayestahili kazi kuliko mimi. Katika ibada ile sikusikia hata mstari mmoja wa mahubiri. Nilikaa nyuma ya Tata nikiitazama shingo yake, na kufikia baraka ya mwisho nilikuwa nimeshamzika mara mbili.

Hospitali ya Bukoba walitoa kinyama kidogo kwenye uvimbe kikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi tuliitwa wote wawili. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, akamvutia Tata kiti karibu na chake.

"Mzee, huu uvimbe ni saratani. Lakini haikuzaliwa hapa shingoni. Hapa imefika tu."

"Imetokea wapi?"

"Hilo ndilo hatulijui. Tumechungulia koo, tumekupiga CT scan, hatujaona ilikoanzia. Kule ilikoanzia inaweza kuwa ndogo mno."

Tata alifikiri. "Yaani mtu amefika nyumbani kwangu, ameketi, anakula, na hajasema kwao ni wapi."

"Ndivyo, mzee."

"Huyo si mgeni. Mgeni husema kwao."

Daktari alitabasamu, kisha akatueleza jambo ambalo ndilo nililolibeba kichwani miezi ile yote. Wakijua saratani ilikoanzia, wataishughulikia hapo hapo, pamoja na ule uvimbe. Wasipojua, itabidi waunguze kwa mionzi koo lote, pande zote mbili, kuanzia nyuma ya pua hadi chini, ili wasiiache popote ilipojificha. Mate yangekauka, pengine moja kwa moja. Kumeza kungekuwa taabu. Na sauti?

"Sauti siwezi kuahidi," alisema.

Tata aliigeuza kofia yake mikononi.

Kulikuwa na kipimo kimoja kilichobaki, kinaitwa PET scan, na ilibidi twende Dar es Salaam. Daktari alikieleza vizuri hata mimi nikakielewa. Mgonjwa hukaa bila kula, kisha huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Saratani ni lafi. Huivamia ile sukari kuliko nyama nyingine za mwili, na mashine hupiga picha ya mahali sukari iliporundikana. Hata iliyojificha hujiumbua kwa ulafi wake.

Bosi wangu, mama wa Kiislamu wa Bukoba mjini ambaye babu yake alitoka pwani, alinipa ruhusa na ushauri juu yake. "Mwambie baba yako afunge kama tunavyofunga sisi. Nyie Walutheri mkifunga mnakunywa chai."

Nilimfikishia Tata ujumbe huo.

"Kufunga najua," alisema. "Kufunga mdomo kumenishinda lini?"

Mama aligeukia jiko kuficha kicheko.

Shida ya mama ilikuwa nyingine. Tuliambiwa kwamba siku ya kuamkia kipimo asile vyakula vya wanga. Mama aliuliza mara tatu kama ndizi nazo zimo.

"Zimo, mama."

"Siku nzima bila ebitoke? Sasa atakuwa amekula nini?"

Kwetu mtu anaweza kula samaki, maharage na mihogo, akilala atasema amelala njaa kwa kuwa hakugusa ndizi. Mama alitufungia sato wa kukaanga na mayai ya kuchemsha kwa uso wa mtu anayepeleka wafungwa. Tukapanda basi Bukoba mjini, na njia nzima, kutoka Kagera hadi pwani, Tata aliwaeleza majirani zetu wa kiti habari za kila daraja.

Asubuhi ya kipimo tulifika mapema. Nilimwacha Tata kwenye benchi nikaenda dirishani kupeleka karatasi zetu. Niliwaza kama nimezipanga sawa, nikazitoa, nikazipanga upya, nikamkera aliyekuwa nyuma yangu. Niliporudi, Tata alikuwa amepata mwenzake. Mzee wa Kanazi, aliyemleta mkewe kupimwa, alikuwa amemsikia akisalimia kwa lafudhi ya nyumbani akahamia kando yake. Walikuwa wanaongea Kihaya kwa raha, vichwa vimekaribiana. Taya zao zilikuwa zinakwenda taratibu, pamoja, kama za ng'ombe wawili kivulini.

Walikuwa wanatafuna kahawa.

Asiyekuja kwetu huenda asielewe. Kahawa ile si ya kunywa. Ni matunda yaliyochemshwa na majani ya harufu, yakakaushwa, yakafungwa kwenye ganda la mgomba. Mgeni akifika hupewa punje chache atafune, kabla ya habari yoyote. Hakuna anayeihesabu kuwa chakula. Kuikataa ni kama kuukataa mkono ulionyooshwa kukusalimia. Mzee wa Kanazi alikuwa ameutoa mkono, Tata akaupokea.

Nilisimama palepale. Siku zilizotangulia nilikuwa nimesoma kwenye simu kila nilichokipata juu ya kipimo kile, na jambo moja lilikuwa limenikaa: msuli unaofanya kazi nao hula ile sukari. Taya ni misuli. Ulimi ni msuli. Sisi tulikuwa tumesafiri kutoka ziwani hadi baharini kutafuta kitu kidogo kooni, na Tata alikuwa anayaamsha mataya yake yote mawili. Au pengine haidhuru, kwa kuwa sindano bado? Au inadhuru, kwa kuwa amemeza maji yake? Na nikimwuliza muuguzi, je, atatufukuza? Na nisipomwuliza?

Sikupata nafasi ya kumaliza. Mlango ulifunguka, akatoka muuguzi akiwa na glavu.

"Jamani, nisikilizeni. Aliyekula, aliyekunywa chai, aliyetafuna kitu chochote, hata bigijii, aseme sasa kabla sijamchoma sindano. Dawa hii imetengenezwa asubuhi ya leo, haikai. Nikikuchoma ukiwa umekula, picha itanidanganya."

Tata aliacha kutafuna. Akamtazama yule mzee, akanitazama mimi, kisha akasimama na kukohoa kidogo. Kukohoa kule nakujua. Nikadhani ataanza na mababu.

"Mimi nimetafuna," alisema. "Kahawa. Punje chache, lakini nimetafuna."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa.

"Mzee, si uliambiwa usile?"

"Sikula. Nilisalimiwa."

Watu wakacheka, na muuguzi naye akashindwa kujizuia. Mzee wa Kanazi alikuwa ameinuka, kofia mkononi. "Kosa ni langu, waitu," alisema kwa neno letu la heshima. "Mimi ndiye niliyempa."

"Kaa, baba, hakuna aliyekosa," muuguzi alisema. "Ila mzee, wewe leo siwezi kukuchoma. Kwa ninavyosoma hapa, wanatafuta kitu kooni kwako, na kwenye koo ndiko ulikokuwa unafanyia kazi. Njoo keshokutwa. Usile, usitafune. Na nikikuchoma utakaa saa nzima bila kuongea. Hata neno moja. Utaweza?"

Tata aligeuka akanitazama, kana kwamba swali lile lilikuwa langu.

Tulipotoka nje nilimwuliza kama hakuogopa kwamba wangetunyima nafasi kabisa.

"Niliogopa," alisema. "Lakini ukienda kuposa ukaficha kasoro ya kijana wako, mke akishaletwa ataiona siku hiyohiyo. Bora wakwe wakucheke mapema."

Siku ya katikati alijitangazia mazoezi. Tungetembea hadi sokoni na kurudi pasipo yeye kusema kitu. Tulitembea vizuri. Wauza maji walimwita, akapunga mkono tu. Kijana mmoja alimkanyaga akaomba radhi, Tata akainamisha kichwa. Nikaanza kuwa na matumaini. Kisha tukafika zilipopangwa ndizi.

"Hizi nazo wanaziita ndizi?" Tata alimwuliza muuzaji, na kuanzia hapo mazoezi yakawa yamekwisha. Alimweleza mgomba unavyopunguzwa machipukizi, na kwa nini ndizi iliyokatwa kabla ya wakati huwa na aibu. Muuzaji alimsikiliza kwa heshima, mwishoni akamwuliza anachukua ngapi. Hatukuchukua. Alikuwa haruhusiwi.

Nilirudi nyumba ya wageni nikiwa nimekata tamaa. Kama muuza ndizi amemshinda, atashindana vipi na saa nzima ndani ya chumba kimoja na watu wanaomuuliza hali? Tata hajawahi kupita mtu bila salamu, na salamu yake haiishii kwenye neno moja.

Siku yenyewe ilipofika, Tata hakunisalimu. Nilibisha mlango wake, akafungua akiwa amevaa lile shati la kanisani, akanionyesha mdomo wake kwa kidole, akatikisa kichwa. Alikuwa ameanza kabla ya wakati. Nilimwambia sindano bado sana, anaweza kuongea. Akatikisa kichwa tena.

Hospitali tulimkuta mzee wa Kanazi, safari hii amekuja kuchukua majibu ya mkewe. Alipomwona Tata, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa koti, ukatoka na kile kifurushi cha ganda la mgomba. Kisha akakumbuka. Alibaki ameushika mkono hewani, mtu mzima, hajui aurudishe vipi.

Tata alipiga hatua moja. Akapokea punje kwa mikono miwili, akainama kama inavyotakiwa, akazitia kwenye mfuko wa shati na kuupigapiga kidogo.

"Utazitafuna ukishajua," mzee alisema.

Tata akaitikia kwa nyusi. Kisha muuguzi akamwita, mlango ukafungwa.

Saa ile nilikaa kwenye benchi nikimwongelesha kimoyomoyo. Nilimwona akimuuliza muuguzi kwao ni wapi. Nilimwona akiwa peke yake akianza kuimba wimbo wa kanisani bila kujijua, kwa sababu Tata huimba anapolima, anapokoga, anapongoja. Niliwaza kama kuimba kwa midomo iliyofumbwa kunahesabiwa. Niliwaza kama atakohoa. Niliwaza kwamba kama kile kitu kimejificha nyuma ya ulimi, neno moja tu la adabu, "asante" tu, linaweza kukificha tena, na hatungejua kamwe kwamba lilikuwa ni neno hilo.

Hatimaye alitoka binti mwenye koti jeupe, mtaalamu wa ile mashine, akatazama huku na huku.

"Nani amekuja na yule mzee bubu?"

Hakuna aliyeitika. Mimi nami nilitazama huku na huku kumtafuta mwenye mzee bubu.

"Yule aliyevaa shati jeupe, kofia nyeusi. Anatoka Kagera."

"Huyo ni baba yangu," nilisema. "Lakini si bubu."

"Si bubu?" Alinikodolea macho. "Nimemwuliza jina, akanionyesha mkanda wa mkononi. Nimemwuliza kama anasikia baridi, akavuta blanketi. Nimemtania timu yake imefungwa, akafumba macho. Wote tunawaambia wasiongee, na wote huongea, angalau kulalamika. Huyu hata kuguna hakuguna. Nikasema maskini, mbona hawakuandika."

Nilianza kucheka nikashindwa kuacha, na katikati ya kicheko machozi yalikuwa yameshafika. Yule binti akaketi kando yangu.

"Huwa anaongea, kumbe?"

"Dada yangu," nilimwambia, "ungekuwa unataka kuolewa Muleba, ungemjua."

Alipotoka kwenye mashine tuliambiwa kwamba kwa saa chache atakuwa na mionzi kidogo mwilini, asikae karibu na watoto wadogo wala wajawazito. Mimi si mtoto wala si mjamzito, lakini Tata alinizuia kwa mkono. "Wewe bado hujazaa. Kaa kule." Tukarudi nyumba ya wageni yeye upande mmoja wa barabara, mimi upande wa pili, na kutoka upande wake alinirushia maneno yote ya ile saa moja, kwa sauti, juu ya magari. Watu waligeuka kututazama. Siku nyingine ningetamani ardhi inimeze. Siku ile nilimjibu kwa sauti kama yake.

Siku ya majibu, daktari wa pale Dar es Salaam aliigeuza kompyuta ili tuone. Alikuwa Tata huyo, mwili mzima, kama kivuli kilichosimama. Mahali sukari iliporundikana pamewaka. Jambo la kwanza nililoliona ni kichwa chake chote kinawaka kama taa, nikashika ukingo wa meza.

"Ubongo huwa hivyo kwa kila mtu," daktari alisema haraka. "Ubongo hula sukari kila wakati, hata ukiwa umetulia. Unafanya kazi ya kuwaza."

"Huyu akipimwa," Tata alisema akinionyesha kwa kidevu, "mashine itaungua."

Kisha daktari alisogeza kidole. Pale shingoni, ule uvimbe tulioujua, unawaka. Na juu yake, ndani ya koo, upande wa kushoto, kwenye ile tezi ambayo watoto huvimba wakiumwa mafua, tonsili, kulikuwa na kitone kingine. Kidogo. Kama punje ya kahawa.

"Hapa ndipo ilipoanzia," alisema. "Kwingine kote mwilini ni safi. Na tazama hapa: taya limetulia, ulimi umetulia, hakuna kinachowaka hata kidogo. Ndiyo maana tumekiona. Mgonjwa angekuwa ameongea, kitu kidogo hivi kingezama kwenye mwanga wa misuli, nami ningebaki kubahatisha. Mzee, umenifanyia kazi yangu."

Tata aliinama akaisogelea picha, akaitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama tawi la mkahawa lililoingia mdudu.

"Basi," alisema. "Sasa tunajua kwao."

Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa zile punje. Akampa daktari moja, akanipa mimi moja, akabaki na zake. Daktari hakujua ifanyweje. Tata akamwonyesha.

Ile tezi ilikatwa, na mionzi ikaelekezwa upande wa kushoto tu. Sitasema ilikuwa rahisi. Ngozi ya shingo iliungua, akakonda, na kwa wiki kadhaa sauti ilipotea kabisa, tukawa tunaishi na bubu wa kweli, ambaye hakumchekesha mtu. Mama alimsagia ndizi hadi zikawa uji. Lakini mate ya upande wa kulia yalibaki. Sauti nayo ilirudi, kwanza kama mlango wa zamani, kisha kama ya mtu mwenye mafua, na hapo ndipo ilipokomea. Hadi sasa anakwenda kliniki kuchunguzwa, na kila safari mimi huanza kuwaza wiki mbili kabla. Hadi sasa hawajaona kitu.

Msimu uliopita kaka yangu alikwenda kuposa Kanazi. Wazee wa ukoo walikaa wakasema, kwa upole, kwamba safari hii labda atafutwe msemaji mwingine. Tata aliwasikiliza hadi mwisho, akasema atakwenda, ila wampe chupa ya maji.

Nilikaa nyuma, upande wa wanawake, na chupa ya pili kwenye mkoba, na ya tatu endapo ya pili itavuja. Kahawa ilipitishwa, ikatafunwa. Tata akasimama. Akakohoa kidogo. Ile sauti ya kukwaruza ikatoka, na watu wa mwisho wakasogea mbele ili wasikie, jambo ambalo zamani hawakulifanya.

Alianza na mababu na njia waliyopita. Akanywa maji. Akaigusa mvua. Akanywa maji. Alikuwa amefika kwenye migomba ya wenyeji, na jua limeshahama upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine, niliposikia mzee mmoja wa upande wa wakwe akimnong'oneza jirani yake.

"Si tuliambiwa huyu alikuwa mgonjwa wa koo?"

"Alikuwa," jirani akajibu. "Sasa anatulipisha."

Nilifungua chupa ya pili, nikaipitisha mbele.